Mkunjo Uliopendeza Mno

Tulikuwa tukipima ugumu wa udongo wa eneo la ujenzi kwa mawimbi ya ardhini. Jiofoni 24, yaani vipokezi vya mtikisiko wa ardhi, zilikuwa zimepangwa kwenye mstari, moja kila baada ya mita 2, nami nilikuwa nikigonga nyundo juu ya bamba la chuma mita 5 tu kutoka ile ya kwanza. Mkunjo wa mtawanyiko, mchoro unaoonyesha kasi ya mawimbi kwa kila masafa (idadi ya mitikisiko kwa sekunde), ukatokea kwenye skrini ukiwa laini, hauna nukta hata moja iliyopotoka. Mwakilishi wa mwenye mradi akataka tufunge vifaa. Mzee aliyekuwa akinifundisha kazi aliukazia macho upande wa masafa ya chini, ambako mawimbi ni marefu.

“Rudi nyuma, mwanangu. Gonga ukiwa mita 20.”

Nikagonga. Mawimbi mafupi yalikwenda kwa kasi ileile. Yale marefu, ya herzi 6 na urefu wa karibu mita 45, yakaonyesha kasi kubwa zaidi. Karibu na nyundo, wimbi la Rayleigh, yaani lile linalosafiri juu ya uso wa ardhi, likiwa na urefu huo halijatengemaa. Bado limechanganyika na mawimbi yanayopita ndani ya udongo, tena uso wa mbele wa wimbi umepinda, ilhali hesabu zetu huuchukulia kuwa umenyooka. Kasi inayosomwa hapo huwa ndogo kuliko ilivyo, na ni mawimbi hayohayo marefu yanayotuletea habari za tabaka za chini! Kelele za magari nazihofia kidogo, maana hujionyesha kwenye data na hupungua ukijumlisha mapigo mengi. Kosa la ukaribu hujificha ndani ya mkunjo mzuri.

Tukahamia ncha ya pili ya mstari, kupima kama tabaka zimeinama. Matokeo yakaafikiana na ya mita 20. Tukaziacha nukta za mawimbi marefu zilizotoka karibu, na zilizobaki tukazichora tukionyesha pia zinavyotofautiana kati ya kipimo na kipimo.

Usiku programu ikatoa mamia ya wasifu wa udongo, yaani makisio ya tabaka zake na kasi ya mawimbi katika kila moja, yote yakilingana na mkunjo uleule. Tabaka gumu liliweza kuanzia mita 14 au mita 19. Kina cha maji kutoka kisima cha uchunguzi, ambacho hakikufika kwenye tabaka hilo, kiliondoa wasifu kadhaa, si yote.

“Nipeni namba moja,” mwakilishi alisema.

Mzee akamwandikia kasi ya wastani ya mawimbi ya mkato (yanayotikisa udongo kukingama na mwelekeo wa safari yake) katika mita 30 za juu: kati ya mita 250 na 275 kwa sekunde. Akamweleza kuwa kundi C la udongo katika toleo la 2004 la Eurocode 8, kanuni za Ulaya za ujenzi unaohimili matetemeko, ni kuanzia 180 hadi 360, hivyo tofauti hiyo haibadilishi kundi la udongo. Kilichobaki na shaka ni kina cha tabaka gumu, ambako nguzo za msingi zingeegemea. Mwakilishi akaidhinisha kisima kingine, kirefu zaidi.