Siku Moja Maishani Mwangu: Kocha Msaidizi wa Kungfu, Dengfeng

Mimi ni kocha msaidizi katika shule ndogo ya kungfu mjini Dengfeng, mkoani Henan, nchini China, karibu na hekalu la Shaolin lililoanzishwa mwaka 495. Ndugu zangu kule Tanga hudhani kwamba kutwa ninaruka na kuvunja matofali, ilhali sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuinama na kukagua visigino vya watu.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri tunakimbia, tunanyoosha viungo, tunakunywa uji, na saa mbili na nusu kipindi cha kwanza kinaanza.

Saa tatu ndipo yalipoanza ya kijana mmoja wa Mombasa, mzoefu wa kubeba vyuma, aliyelipia miezi mitatu. Nilikuwa nimewaweka wote katika mabu, yaani mkao wa farasi: mapaja sambamba na ardhi, nyayo zikielekea mbele, mgongo wima. Alikaa dakika moja, akainuka. "Mwalimu," akaniambia mbele ya wenzake, "sikusafiri kutoka Mombasa mpaka huku ili nichuchumae. Tupe mazoezi ya jasho." Nilimwelewa, kwa sababu nami nilipofika hapa nilipima mazoezi kwa shati lililoloa. Hata hivyo maneno hayo huniuma, maana nimewaona waliodai jasho kabla ya mkao wakirudi kwao na magoti mabovu, wakiilaumu kungfu.

Nikamweka katika gongbu, mkao wa upinde, mguu wa mbele umekunjwa na wa nyuma umenyooka, nikachomeka kipande cha karatasi chini ya kisigino cha nyuma, kisha nikamwambia apige ngumi kwa nguvu zake zote. Ngumi ilivuma, nami nikaivuta karatasi bila taabu, kwa kuwa kisigino kilikuwa kimenyanyuka. Nikamweleza kwamba katika fali, yaani kutoa nguvu, nguvu huanzia ardhini, hupanda kwa mguu, huzungushwa na kiuno, na mkono huwa mlango wa kutokea tu. Kisigino kikiinuka, kinachobaki ni bega. Akarudia kwa zaidi ya saa nzima, akinung'unika, huku mimi nimepiga goti kwenye saruji, karatasi mkononi.

Sisemi kwamba ukali wa mazoezi hauna kazi. Katika Ukumbi wa Mabuddha Elfu pale Shaolin, sakafu imebonyea mashimo ambayo husimuliwa kuwa yalichimbwa na nyayo za watawa waliofanya mazoezi humo kwa vizazi. Mguu mlegevu hauchimbi sakafu. Lakini mashimo hayo yako katika mistari, na kila ninapoyatazama ninawaza jinsi mguu ulivyopaswa kutua pale pale, siku baada ya siku, hata ulipochoka.

Mchana nililala kidogo, na baada ya hapo sikutazama saa tena. Tulipiga mateke ukumbi mzima, kwenda na kurudi, mpaka mapaja yakatetemeka. Kila niliyeona mkao wake umevunjika nilimsimamisha, apumzike, aanze upya polepole. Sauti ilinikauka, goti likavimba.

Giza lilipoingia, kijana yule akaja na karatasi yake mwenyewe, akaiweka chini ya kisigino bila kusema neno. Alipiga kumi kila upande. Chini ya mguu wa kushoto karatasi ilinichanikia mkononi mara saba. Chini ya wa kulia ilitoka nzima mara zote, kwa hiyo kesho tutaanza na huo.