Waliokufa ndani ya zile dakika 38

Juzi jioni nilikuwa Forodhani, mjini Zanzibar, na mtoto wa dada yangu, kaja kutoka Wete maana skuli zimefungwa, tumekaa ukingoni tunakunywa juisi ya miwa na nyuma yetu Beit al-Ajaib, jumba la zamani la masultani. Akapita mtembeza wageni na kundi lake, akawaambia hapa ndo palipopiganwa vita vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38 tu, wageni wakacheka, wakapiga picha, wakaenda zao. Mtoto akanigeukia, "Mjomba, walikufa watu?" Nikamwambia walikufa. "Wangapi?" Nikamwambia waliouliwa na waliojeruhiwa inakadiriwa ni kama 500. Akaniuliza wamezikwa wapi, na hapo sikuwa na jawabu, na toka siku ile roho yangu haijatulia.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 27 Agosti 1896, Mfunguo Sita, hata wiki haijatimia toka maulidi. Siku mbili nyuma Sultani wa Zanzibar, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alifariki ghafla, na Sayyid Khalid bin Barghash akaingia kwenye kasri akakaa kwenye kiti cha usultani. Waingereza wakakataa, walikuwa na mtu wao, Sayyid Hamoud bin Mohammed, na toka 1890 walishaiweka Zanzibar chini ya himaya yao kwa hiyo wakasema hakuna anayekaa pale bila ridhaa yao. Wakampa Khalid mpaka saa tatu asubuhi ateremshe bendera yake atoke. Hakutoka. Meli za kivita zilikuwa zishajipanga mbele ya mji chini ya Admirali Rawson, ikapigwa saa tatu, na dakika mbili baadae mizinga ikaanza.

Jambo ninaloomba mtu alifikirie ni hili, kasri lenyewe sehemu kubwa ilikuwa ya mbao. Mle ndani na pembeni yake kulikuwa na watu kiasi cha 2,800, wamo askari lakini wamo pia watumishi na watumwa wa kasri, watu ambao hakuna aliyewauliza wanamtaka Khalid au Hamoud, wamepangwa nyuma ya makasha na magunia na mizinga ya meli inawaangukia, na nyumba inashika moto. Meli ya Sultani, Glasgow, ikazamishwa palepale bandarini, milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji miaka na miaka. Kwa Waingereza alijeruhiwa mtu mmoja, akapona.

Bibi yangu mzaa mama (Allah amrehemu) alikuwa akitusimulia alivyosimuliwa na bibi yake, wao walikuwa Malindi, mtaa wa hapahapa mjini, walipousikia mzinga wa kwanza walidhani ni wa salamu kama walivyozowea, mtoto mmoja akatoka mbio barabarani kutazama, mama yake akamfuata kichwa wazi, hata kanga ya kujitanda hakuiwahi. Bibi kila akifika hapo anajishika kichwa kama yeye ndo alikuwepo. Na mie utotoni nilikuwa nakisikiliza kama kisa tu, sikumuuliza huyo mtoto alirudi au hakurudi.

Khalid mwenyewe alikimbilia kwa balozi wa Wajarumani, na mwezi wa Oktoba bahari ilipojaa mpaka kwenye bustani ya ubalozi wakamtia mashuani asikanyage ardhi ya Zanzibar, akapelekwa Dar es Salaam. Hamoud akatawazwa mchana wa siku ileile. Na waliokuwa upande wa Khalid wakalipishwa fidia, mpaka gharama za mizinga iliyowapiga wenyewe.

Baada ya hapo hakuna Sultani aliyewabishia tena. Kuna watu watasema lakini Hamoud ndo alosaini 1897 amri ya kuuondoa utumwa kisheria, kweli, na nashukuru ulikwisha, lakini fidia walipewa mabwana, mtumwa ilibidi aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na masuria wakaachwa nje ya amri ile mpaka 1909. Bara nako kulishagaiwa zamani, 1886 Waingereza na Wajarumani walikaa wakampimia Sultani ukanda wa maili kumi wa mwambao kama mtu anavyokata kitambaa, halafu hata huo ukamtoka kidogo kidogo, na watu walokuwa wakiishi humo hawakuulizwa.

Beit al-Ajaib ilipoporomoka upande mmoja Disemba 2020 walifariki watu wawili, na mji mzima tulihuzunika, tuliwaombea dua, na ndo inavyotakiwa. Hatua chache tu kutoka pale kuna watu mamia, na mie niliezaliwa mji huuhuu, nilosoma hapahapa, siwezi kukutajia jina la hata mmoja. Tunawajua Khalid, Hamoud, Rawson, na majina ya meli tunayajua. Mpishi wa kasri, mchota maji, kijana alieshikishwa bunduki asubuhi ile, hao tumewaacha ndani ya kichekesho cha dakika 38.

Basi nakuombeni, kama kwenu kuna mzee aliesikia chochote kwa wakubwa zake kuhusu siku ile, jina, mtaa, nani hakurudi nyumbani, muulizeni na muandike. Mie Ijumaa baada ya sala nakwenda Malindi, yuko khaloo wa mama bado yu hai, namchukua na mtoto, nikamuulize yule aliyetoka mbio barabarani alikuwa akiitwa nani.