Kumnakili msichana wa Vermeer: kivuli kwanza, rangi baadaye

Anayejifunza kuchora sura kwa rangi za mafuta asianze na picha ya simu. Simu hulainisha ngozi na kufuta vivuli. Aanze na mchoro "Msichana mwenye Hereni ya Lulu" wa Johannes Vermeer, mchoraji wa Uholanzi, wa mwaka 1665 hivi, ulioko jumba la makumbusho la Mauritshuis, The Hague. Ni sm 44.5 kwa 39 tu, kwa hiyo chapisha nakala ya ukubwa uleule na uhamishe vipimo kwa bikari.

Siku za mwanzo usiguse rangi ya ngozi. Changanya kahawia ya udongo na nyeupe upate ngazi tano, giza hadi mwanga, ujenge uso mzima kwa hizo. Finya macho ukitazama. Ukiona mstari kwenye mgongo wa pua, umekosea: Vermeer hakuuweka, pua imeyeyukia shavuni. Wengi huharibia hapo, maana akili inajua pua ipo, basi mkono unaichora. Lulu nayo haina hata ndoano; ni tone nene la nyeupe juu, na mwanga hafifu wa kola chini yake.

Mandharinyuma usiyapake nyeusi tupu, yatakuwa shimo. Yalikuwa kijani kilichoiva, kikachuja kwa miaka. Buluu, kahawia na kijani kidogo vinatosha.

Tabaka la kwanza lichanganywe na tapentaini, la juu liongezwe mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani). Ukigeuza mpangilio huo, la juu litakauka kabla ya la chini na kupasuka. Wala usianike juani: mafuta haya hukauka kwa kuvuta oksijeni, jua litaotesha ngozi juu huku ndani kubichi. Matambara yenye linsidi yaloweke kwenye kopo la maji. Yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe.

Hapa Dodoma adui ni vumbi la kiangazi. Nyunyizia sakafu maji kabla ya kuanza, na jioni geuzia kanvasi ukutani. Kaa karibu na dirisha la kusini: Aprili hadi Septemba jua hupita kaskazini, mwanga unatulia. Novemba hadi Januari jua limehamia kusini, tundika shuka jeupe.

Ukija kumchora bibi wa Kigogo, ngazi tano zinabaki, ngozi ya Vermeer haifai tena. Anza na kahawia na nyekundu ya udongo, na mng'ao wa paji la uso utie buluu kidogo, kwani pale ndipo anga linapoonekana.