Nilivyojifunza kuomba kiti kwenye basi bila kukohoa

Tangu utotoni nimefundishwa kumpisha mtu kiti. Kuomba kiti hakuna aliyenifundisha, na nilikuja kuligundua hilo nikiwa mtu mzima mwenye goti bovu.

Nilifanyiwa operesheni ndogo, ile ya kupitisha kamera kwenye vitundu. Magongo nilirudisha mapema, suruali ikafunika vidonda, na kwa yeyote aliyenitazama nilikuwa mwanamume mzima mwenye mabega yake. Daktari alisema nisisimame muda mrefu. Hakusema basi lililojaa nilifanyeje.

Ushauri nilipewa bure na kwa wingi. Mwenzangu kazini aliniambia, "Simama mbele ya mtu umkazie macho tu, ataona aibu mwenyewe." Nikamkazia macho kijana mmoja. Akaniangalia, akaangalia zipu yake, akajifuta mdomo, akaikagua shati yake kama ina doa, kisha akaweka vidude vyake masikioni na kufumba macho. Kuna usingizi wa aina hiyo, humshika abiria ghafla anapoingia mzee au mama mjamzito na humwachia kituo chake kikifika, hakosei hata kidogo.

Ushauri wa shangazi ndio ulionimaliza. "Kohoa kidogo, mwanangu. Watu wana huruma na mgonjwa."

Nikakohoa. Mara ya kwanza dada aliyekuwa dirishani akafungua dirisha. Mara ya pili jamaa mmoja akavuta kola ya fulana mpaka puani. Nikaongeza sauti, nikidhani huruma iko njiani inakuja. Mama mmoja akamgeuza mwanawe uso upande wa pili. Basi lile dakika 5 kabla halikuwa na pa kutia kidole, lakini sasa watu walisogea, nikabaki katikati na uwanja wangu peke yangu. Nafasi ya kusimama nikaipata tele! Kiti, hakuna.

Halafu akainuka bibi. Bibi wa mkongojo, nasema. "Kaa, mwanangu, usije ukaanguka." Nikakataa. Akasisitiza. Basi zima likawa linatazama, na mimi sikuweza kusema kwamba nilikuwa naigiza. Nikakaa. Msichana wa nyuma akampisha bibi upesi, huku akinitupia jicho ambalo sijalisahau. Na kwa kuwa mgonjwa haponi kwa kukaa tu, ikabidi niendelee kukohoa kituo baada ya kituo, mpaka koo likakauka na kikohozi cha kweli kikaja. Nilishuka vituo 2 kabla ya kwangu nikamalizia kwa miguu, na goti ni lile lile.

Wiki hiyo, nikiwa nimelaza mguu juu ya mto, nikasoma habari za Stanley Milgram, mwanasaikolojia wa Marekani. Miaka ya 1970 aliwatuma wanafunzi wake kwenye treni za chini ya ardhi za New York wakaombe viti bila kutoa sababu yoyote. Asilimia 68 hivi ya walioombwa ama waliinuka ama walisogea kuwapa nafasi. Walioongeza kisababu dhaifu, kwamba mtu hawezi kusoma kitabu akiwa amesimama, walifanikiwa kwa asilimia 42 tu. Lakini kilichonichekesha ni kwamba Milgram mwenyewe alipojaribu, maneno yalimkwama kooni, na alipopishwa kiti akajikuta ameinamisha kichwa na uso umembadilika, kama mgonjwa, ili ombi lake lionekane la haki. Profesa mzima! Nikajiona nina mwenzangu.

Kesho yake nikaingia bila mchezo wa kuigiza. Kwanza nikasogea mpaka katikati ya basi, maana pale mlangoni nilipozoea kujibanza ukiomba kiti unawaomba watu wanaohangaika kushuka. Nikamchagua mtu mmoja. Usiulize basi zima "jamani, hakuna wa kunipisha?", kila mmoja atamsubiri mwenzake. Nikamwambia, "Samahani kaka, nina goti bovu, naomba nikae." Akainuka hata kabla sijamaliza. Kikohozi chote kile, kumbe dawa ilikuwa sentensi moja.

Nikalewa ushindi. Siku ya tatu nikamwendea dada mmoja mwenye nguvu zake, amekaa kwenye viti vya mbele vilivyotengwa kwa wasiojiweza, nikamwomba kwa sauti ya mtu anayejua haki zake. Hakunijibu. Alishika suruali yake akaipandisha taratibu, na chini ya goti hapakuwa na nyama, palikuwa na chuma kimeingia kwenye kiatu cha raba. Mimi niliyekuwa nanung'unika kwamba ugonjwa wangu hauonekani! Alinicheka, akamgeukia kijana wa pembeni: "Hebu mpishe huyu, asije akakuvua suruali na wewe." Tangu hapo siwaombi wa viti vile. London tangu 2017 wana beji ya kuvaa inayoomba upishwe kiti, kwa ajili ya watu ambao shida yao haionekani kwa macho. Sisi tusio na beji tunabaki na mdomo.

Jambo jingine nililiona kwa kuwa nimekaa. Ukikaa, uso wako unalingana na mabegi ya waliosimama. Kifungo cha begi la mgongoni kilinipata kwenye shavu dereva alipokanyaga breki, na mwenye begi wala hakujua, kwa sababu begi lake halina macho. Miaka mingapi nimezunguka na langu kama konokono, nikigeuka huku na huku kutafuta kituo? Sasa nalivua kabla sijapanda na kuliweka kati ya miguu. Mwenye kuongea na simu kwa spika ya nje sijampatia dawa. Nilijaribu kumjibu yule wa upande wa pili wa simu, nikaambulia matusi ya watu wawili.

Goti limepona. Juzi nilikuwa nimekaa, akaja mzee akasimama mbele yangu, amenikazia macho. Nikaangalia zipu. Iko sawa. Nikajifuta mdomo. Ndipo nikashtuka, nikainuka haraka: "Samahani mzee, karibu ukae."

"Kaa tu, mwanangu," akasema. "Naangalia dirishani kwako, kituo changu kisinipite."