Leo tumecheza Karura

Nimetoka msituni sasa hivi, matope bado yako vifundoni.

Tunatunga dansi ya kuchezwa pale pale msitu wa Karura, Nairobi, karibu na maporomoko ya maji. Hatuna jukwaa wala spika. Hatua zinatoka kwa mahali penyewe: mteremko, mizizi, mawe yenye utelezi.

Ukumbini huwa tunahesabu moja hadi nane. Pale maji yanameza sauti yote, humsikii hata aliye kando yako.

Basi tukaacha kuhesabu, tukafuatana kwa pumzi. Dada aliye mbele yangu akiinua mabega, nami nainua. Mgongo wake ndio uliokuwa ngoma yangu. Sijawahi kumsikiliza mtu namna ile, wallahi!

Bibi mmoja aliyekuwa akipita na wajukuu akasimama. Mdogo wao akavua viatu, akaanza kutuiga.

Na udongo ule naukanyaga kwa heshima. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa Karura walipokwenda kupanda miti, wakipinga msitu kunyakuliwa.

Jamani, wapi kwingine Nairobi mngependa tucheze? Arboretum? Uhuru Park? Mto ulio karibu na kwenu? Niambieni.