Gulio la ndege za modeli: mhangaikie muuzaji kwanza

Wadau, kila msimu wa baridi ukianza huku Ohio naulizwa swali lilelile na jamaa wa klabu za jirani, nyie mnafanyaje mpaka gulio lenu linajaa hivyo? Jibu langu halijawahi kubadilika, tunamhangaikia muuzaji. Mnunuzi hana shida kabisa, mtu wa ndege za rimoti akisikia kuna ukumbi umejaa mabawa na injini na maboksi ya zamani atakuja tu, hata theluji iwe inafika magotini. Anayehitaji kubembelezwa ni yule mzee ambaye basementi yake imejaa ndege mpaka kwenye dari na hajarusha hata moja miaka yote hii. Yule akikubali kuja na gari lake limejaa, basi gulio limeshafanikiwa.

Kwa ambao mko Dar au Mombasa na hamjawahi kuona kitu hiki, ni hivi: klabu inakodi ukumbi, mara nyingi jengo la maonyesho la kaunti au jimu ya shule au ukumbi wa kanisa, wanapanga meza, mtu yeyote mwenye vifaa vya ndege za modeli anakodi meza yake anauza, na wengine hawauzi kwa hela bali wanabadilishana, nipe hiyo injini chukua hizi sevo, vile vimota vidogo vinavyosogeza usukani wa ndege. Zinafanyika sana kati ya Januari na Machi kwa sababu hakuna anayerusha na hiyo baridi, kila mtu yuko gereji anajenga ya msimu ujao. Na Ohio jamani ndo kwenyewe, ndugu Wright walijengea ndege yao Dayton kwenye duka lao la baiskeli, na Toledo klabu ya Weak Signals waliendesha onyesho kubwa kwa miaka na miaka, watu wakiendesha gari kutoka majimbo ya mbali kuja kununua na kuuza. Ukivuka kwenda Indiana unakuta Muncie, makao makuu ya AMA, chama cha wanamodeli wa Marekani kilichoanza mwaka 1936. Yaani huku hii kitu iko kwenye damu.

Tarehe kwanza. Angalia klabu za jirani zimepanga lini, usiweke siku moja na wao, maana wauzaji ni walewale wanaozunguka kutoka gulio hili kwenda lile. Jumamosi ni nzuri, na Jumapili ya Super Bowl, ile fainali ya futiboli ya Kimarekani, iogope kama ukoma. Mwenye ukumbi anaweza kudai cheti cha bima, muulize mapema. Halafu mlango! Watu wanasahau mlango. Kuna mabawa ya mita mbili na zaidi ya kipande kimoja, hayapindi, sasa kama kuna ngazi na kona na kamlango kadogo yule mzee hatarudi tena mwaka ujao. Tafuta ukumbi ambao gari linasogea mpaka mlangoni, na njia kati ya meza ziwe pana kiasi kwamba watu wawili wamebeba ndege wanapishana bila mtu kuvunjiwa mkia.

Sisi wauzaji wanaingia saa moja na nusu asubuhi, milango ya wanunuzi inafunguliwa saa tatu. Vijana wa klabu wanasimama nje na vitoroli wanasaidia kushusha mizigo, kahawa na donati zipo tayari, na kila meza ina jina la mtu wake, hakuna kugombania sehemu. Kuna klabu zinauza tiketi za bei juu kwa wanunuzi wanaotaka kuingia mapema, na mimi hiyo siikubali hata kidogo. Muuzaji yuko katikati ya kufungua maboksi, hajajua hata kipi kiko wapi, tayari mikono kumi imeshaingia, huyu anauliza bei huyu anavuta waya, vitu vinapotea na mtu anauza kwa bei ya haraka ambayo saa nne anaijutia. Wauzaji wao kwa wao kununuliana kabla ya milango kufunguliwa hiyo sawa, ndo haki yao, wameamka usiku na wamelipia meza.

Sasa kuna jambo naliona zito kuliko yote. Mchezo huu una wazee wengi, na wazee wanafariki. Mjane anabaki na gereji imejaa vitu asivyovijua, mbao nyepesi za balsa, rola za MonoKote za kufunikia mabawa, injini za O.S. na Saito, maboksi ya ndege za kuunganisha za Top Flite na Great Planes ambayo hayajafunguliwa, na tangu Hobbico, kampuni iliyokuwa na chapa hizo, ifilisike mwaka 2018 mengine ya hayo hayapatikani tena dukani. Anakuja mtu anamwambia mama nitakupa dola mia mbili nibebe vyote nikusaidie usafi. Hiyo inaniuma sana. Kwa hiyo klabu yetu inatenga meza za familia bila malipo, wanaklabu wawili wanaojua bei wanakwenda nyumbani kabla, wanakaa na mama, wanaandika kila kitu, wanambandikia bei, na sheria ni moja tu haina mjadala: aliyepanga bei haruhusiwi kununua kwenye meza hiyo. Hata kama kile kitu alikitafuta maisha yake yote, aache wenzake wanunue. Siku yenyewe mama akitaka anakaa mezani, na mara nyingi anataka, kwa sababu watu wanasimama wanamwambia hii ndege naikumbuka, mumeo aliirusha pale uwanjani, ilikuwa inapanda wima kabisa. Hela yote ni yake, klabu haichukui kitu.

Weka pia meza ya majaribio, hii ndo inayofanya watu wanunue bila wasiwasi. Mita ya volti, kipimo cha betri za LiPo (zile za lithiamu zinazoweza kushika moto), kipima sevo, na mtu mmoja mwenye uzoefu wa injini. Injini ya zamani ikigoma kuzunguka watu wanadhani imekufa, kumbe mara nyingi ni mafuta ya mbarika ya kulainishia injini yaliyoganda ndani, ukiipasha moto na dryer ya nywele inalegea yenyewe, lakini beringi zikiwa na kutu hiyo ni habari nyingine na mnunuzi ana haki ya kujua. Betri ya LiPo iliyovimba haiuzwi, haipewi mtu bure, inatolewa nje. Ndani hakuna kuchaji betri, hakuna kuwasha injini, na ukitaka kujaribu mota ya umeme vua propela kwanza. Mafuta ya nitro ya injini hizi yana methanoli inayowaka kirahisi, hayo yabaki kwenye gari, muuziane huko nje.

Kila kitu kiwe na karatasi, bei na hali yake: kinafanya kazi, au hakijajaribiwa. Rimoti za zamani za masafa ya 72 MHz mwambieni muuzaji ukweli, tangu zile mpya za 2.4 GHz zishike soko bei yake imeanguka, asije amekaa nayo siku nzima kwa dola mia akarudi nyumbani na huzuni. Na jamani mkumbushe atoe namba yake ya usajili ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, kwenye ndege kabla haijaondoka, maana ndege yoyote inayozidi gramu 250 inabeba namba ya mwenyewe kwa nje, na wewe hutaki ndege ya mtu mwingine iwe inaruka na namba yako.

Watoto waingie bure, na pale karibu na mlango weka ndege za kujifunzia zilizokamilika na rimoti yake na chaja yake, kama ile Kadet ya kampuni ya Sig, halafu mtu wa kumfundisha awe amesimama hapohapo na ratiba ya uwanjani ya Aprili. Mtoto akiondoka na ndege bila mwalimu itaanguka siku ya kwanza na hutamuona tena.

Keshi njoo na chenji nyingi, noti za dola moja na tano zinaisha kabla ya saa nne, Venmo, ile app ya kulipia kwa simu, inasaidia ila wazee wengi hawataki kuisikia.

Kuanzia saa tano wauzaji wanaanza kufungasha, mmoja akianza wote wanafuata na anayekuja saa sita anakuta ukumbi mtupu, kwa hiyo zawadi kubwa ya bahati nasibu sisi tunaichezesha saa sita kamili na lazima uwepo, muuzaji naye anapewa tiketi yake ya bure. Visivyouzwa mtu akitaka anaiachia klabu kwa ajili ya wanafunzi wetu. Halafu kabla hamjafagia, mlipeni mwenye ukumbi amana ya mwaka ujao, na mpitie meza kwa meza na daftari mkimuuliza kila muuzaji kama mumwekee meza yake ileile.