Kontena la saa nane usiku

Mteja wetu ni mama mmoja mwenye ofisi Shimanzi, anatolea watu mizigo bandarini Kilindini. Alinipigia simu sijashuka feri ya Likoni. "Mwanangu, kontena hili limeingia Jumanne. Mbona programu yenu inahesabu siku za malipo tangu Jumatatu?"

Nilifungua kompyuta kabla sijaketi. Kontena lilipokewa saa nane usiku, kuamkia Jumanne. Seva yetu inafuata saa za UTC, yaani saa za kimataifa, zilizo nyuma ya Mombasa kwa saa 3, kwa hiyo kwake ilikuwa bado saa tano usiku, Jumatatu. Kila mzigo uliopokewa baina ya saa sita usiku na saa tisa ulitozwa siku moja ya ziada. Ankara 31. Watu wawili tulizirekebisha moja moja kwa siku mbili, na yule mama akawapigia wateja wake kuwaomba radhi kwa kosa ambalo si lake.

Kinachoniuma ni kwamba sehemu hiyo ya programu, ya gharama za kontena, tuliikagua. Salma na Hamisi waliisoma mstari kwa mstari, kila mmoja peke yake, wakapata kasoro 14. Sehemu ya kusajili wateja nayo ilikuwa imetoa 14. Nikaona ziko sawa. Ukaguzi wa pili ungekula saa 8 za kazi na siku ya kukabidhi ilikuwa imefika, nikaukataa.

Hesabu niliyopaswa kufanya ilianzia kwa samaki. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanabiolojia Petersen wa Denmark alikuwa akiwatia samaki alama na kuwarudisha majini. Ukivua tena ukakuta wengi wana alama, basi waliomo si wengi. Ukikuta alama chache, wengi hujawaona. Wakaguzi wawili ni kama mivuo miwili: zidisha alizoziona huyu kwa alizoziona yule, kisha gawanya kwa zile walizoziona wote wawili, upate makadirio ya kasoro zote zilizomo.

Nikafukua karatasi zao. Kwenye usajili, Salma aliona 12, Hamisi 10, na 8 zilikuwa zilezile. 120 kwa 8 ni 15. Tulishapata 14, imebaki kama moja hivi. Kwenye gharama za kontena, 9 na 8, zilizofanana 3 tu. 72 kwa 3 ni 24. Kumi zilikuwa bado zimejificha! Jibu lilikuwa kwenye droo yangu siku zote hizo.

Ni makadirio, tena kwa idadi ndogo kama zetu yanayumba. Kasoro rahisi huonwa na kila mtu, zile ngumu haziingii hesabuni, kwa hiyo mara nyingi zilizobaki huwa nyingi kuliko hesabu inavyosema. Na wakaguzi wakinong'onezana kabla ya kuandika, hesabu imeharibika.

Tukaikagua mara ya pili, safari hii kwa macho mengine: Mwanaisha, ambaye hakuwa ameigusa kabisa, na mimi. Tulipata 6 zaidi, na 2 kati ya hizo zilizaliwa na marekebisho yetu wenyewe. Michael Fagan wa kampuni ya kompyuta ya IBM alilieleza hili mwaka 1976: ikiwa zaidi ya asilimia 5 ya kazi imebadilishwa baada ya ukaguzi, irudiwe yote. Sisi tulikuwa tumebadilisha mistari 130 kati ya 900, zaidi ya asilimia 14, na hakuna aliyeisoma tena.

Hamisi anataka sasa kila sehemu ikaguliwe mara mbili. Namwelewa, naye zile ankara zilimnyima usingizi. Lakini tuliporudia usajili, saa 8 zilitupa jina moja la safu ya jedwali lililokosewa herufi. Saa hizo tungezitumia kwenye gharama, mahali pesa za watu zinapopita.

Jana wamemaliza sehemu ya risiti. Salma 7, Hamisi 6, zilizofanana 5. Inakuja 8 na kitu, na 8 tunazo mkononi. Marekebisho yamegusa mistari 11 kati ya 400. Nimewaambia wasirudie. Hamisi ameniomba asome ile mistari 11 peke yake kabla ya kukabidhi, nami nimemkubalia.